Diski Zenye Matundu

Ukutani kwa Mzee Kanyaga, juu ya meza ya spana, ilining'inia diski ya breki yenye matundu mengi kama chujio la chai. Ilikuwa imepasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu moja, ukapita kwenye la jirani yake, ukaenda kufia ukingoni, mwembamba kama unywele. Aliitundika mahali ambapo mtu mwingine angetundika picha ya harusi yake, na kwa nia ileile: mgeni aione, aulize.

Na wageni waliuliza. Wengi walikuwa vijana wenye gari la kwanza maishani, walioona picha za magari ya mashindano wakashikwa na homa. Walimkuta amechuchumaa mbele ya gurudumu la mtu, wakasimama nyuma yake mpaka alipogeuka.

"Mzee, hizi zenye matundu zina faida kweli?"

"Unaendesha wapi?"

"Hapahapa mjini. Nyumbani, kazini, sokoni."

"Unateremka milima kwa kasi?"

"Wapi."

"Unashindana na mtu?"

"Nashindana na foleni tu."

"Basi zinafaa. Utachujia chai."

Hapo kijana alicheka, na Mzee Kanyaga akafuta mikono, akaishusha diski ukutani na kuanza darasa lake. Adui wa diski, alisema, ni joto. Anayekimbiza gari mlimani anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena kabla chuma hakijapoa, mpaka kinakuwa chekundu kama kaa la moto. Huyo anahitaji kila njia ya kukipoza. Lakini wewe unayefuata mkia wa basi asubuhi na jioni, diski yako haijapata hata joto la kupasha uji. Ukiitoboa umeipunguzia mwili bure, na ufa umeshauonyesha njia. Tafuta diski nzima iliyonyooka, pedi za breki zisizo za kubahatisha, ubadilishe mafuta ya breki kabla hayajanywa maji, na tairi ziwe na meno.

"Diski inasimamisha gurudumu," alimalizia. "Gari linasimamishwa na tairi. Na kabla ya hayo yote kuna mguu wa dereva. Huo siuzi."

Maneno hayo ya mwisho aliyapenda. Aliyasema miaka nenda miaka rudi, kwa sauti ileile, na mwenzake wa banda alikuwa akiyatamka pamoja naye kimyakimya huku akikata nyaya. Mwenzake huyo alikuwa fundi umeme wa magari, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeitwa Betri kwa sababu aliwaka asubuhi kwa maneno na jioni ilimkuta bado hajaisha chaji. Walichangia paa moja la mabati nyuma ya safu ya maduka, sakafu moja nyeusi kwa oili, na utani usiokuwa na likizo.

"Mzee," Betri alisema kila darasa lilipokwisha, "ukishamaliza kuwafukuza wanunuzi, niachie mmoja nimuuzie taa."

Jina la Kanyaga alipewa na kazi. Gari likishafunguliwa mabomba ya breki, upepo huingia ndani, na upepo hautoki kwa mtu mmoja. Mmoja analala chini kwenye gurudumu na spana, mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga pedali na kuishikilia; wa chini anafungua kiskrubu, mafuta yanaruka na mapovu yake, anafunga, anasema achia. Kisha upya. Kanyaga, shikilia, achia. Kanyaga, shikilia, achia. Mtaa mzima uliisikia sauti yake kutoka chini ya magari, na hatimaye hakuna aliyekumbuka jina alilozaliwa nalo isipokuwa mkewe, naye hakulitumia.

Mkewe ndiye aliyekuwa mguu wa kwanza. Zamani hizo, walipokuwa wawili na karakana ni kivuli cha ukuta wa jirani, hakukuwa na wa kumsaidia. Mkewe, fundi cherehani, alikaa kwenye magari ya watu asiowajua akiwa na nguo mapajani, akipinda kwa mkono kati ya kanyaga na achia. Sketi nyingi za mtaa ule zilipata pindo zake ndani ya magari mabovu. Watoto wao, ambao sasa wanaishi mbali na kupiga simu siku za mapumziko, walijifunza neno kanyaga kabla ya kujua kusema baba.

Mzee Kanyaga alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wateja. Kila gari lililotoka mikononi mwake alilijaribu mwenyewe, na kabla ya kuwasha alivua kiatu cha kulia. Aliendesha na soksi. Aliliteremsha gari kwenye mteremko wa kinu cha unga mpaka kwenye mfuniko wa chuma wa mtaro, mbele ya sinema iliyofungwa, na hapo alikanyaga. Unyayo wake ulisoma pedali kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Diski iliyopinda ilimtetemekea kama paka anayekoroma. Upepo uliobaki ulikuwa kama kukanyaga mkate laini. Pedi za bandia zilikuwa na ukavu fulani alioshindwa kuueleza ila hakuwahi kuukosea. Akiridhika, alirudi bandani, akamwangalia mwenye gari usoni na kusema neno moja: "Imekubali." Mtu alichukua ufunguo wake, akapakia watoto nyuma, akaondoka. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Gari lake mwenyewe lilikuwa dogo, la zamani, lenye rangi ya majivu, na mlangoni iliandikwa kwa mkono KANYAGA BREKI. Mkewe aliliita Bibi Mkubwa, kwa maelezo kwamba lilioshwa kabla yake, lilisifiwa kuliko yeye, na likikohoa usiku mume aliamka.

Bibi Mkubwa ndiye aliyeanza kuchelewa kusimama.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, kwenye makutano yaliyo chini ya kinu cha unga. Alikuwa akimpeleka mkewe kwenye duka la vitambaa. Gari la mbele likasimama, naye akakanyaga kama alivyokanyaga maisha yake yote, lakini Bibi Mkubwa aliendelea kwenda kidogo, kama mtu anayeitwa na hajaamua kuitika. Kisha akashika kwa ghafla. Furushi la vitambaa likateleza kutoka mapajani mwa mkewe hadi chini.

"Unanichinjia hapa?" mkewe alisema.

"Pedi," alijibu. "Zimelika. Nitaziangalia."

Aliziangalia. Hazikuwa zimelika. Alizibadilisha hivyo hivyo, kwa sababu fundi akishasema ni pedi hawezi kurudi nyumbani bila pedi. Siku chache zilikuwa njema, kisha ukarudi ule uzito wa kuitika. Akabadilisha mafuta. Akafungua dramu za breki za nyuma, akazisafisha, akazifunga. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na uzima ule ulimtia wasiwasi kuliko ubovu. Gari bovu lina mlango wa kuingilia. Zima unaligonga kila upande na hakuna anayekufungulia.

"Kinyozi hajinyoi," Betri alimwambia. "Lipeleke kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Kuna mmoja namjua, ana maneno mengi kuhusu chai."

Alicheka pamoja naye. Lakini siku hizo alikuwa ameacha kuvua kiatu kwenye majaribio, na Betri hakuliona hilo, au aliliona akadhani ni uzee na uvivu. Ukweli ni kwamba soksi haikumwambia kitu tena. Pedali zote zilikuwa zinafanana. Alijieleza kwamba ni hizi pedi za kisasa, hazina tabia. Kwamba magari ya siku hizi yameshonwa kwa sufi. Kwamba dunia yote imekuwa laini.

Nyumbani alianza kulala na soksi. Mkewe alimwacha mpaka jioni moja alipochukua buti zake kuzikung'uta vumbi nje ya mlango, na kutoka kwenye buti la kulia ikaanguka nati. Si nati ndogo. Aliiokota akaingia nayo ndani, akaiweka mezani mbele ya sahani yake.

"Hii umetembea nayo tangu lini?"

"Imeingia sasa hivi wakati navua."

"Nionyeshe mguu."

"Mama, nakula."

"Utakula. Nionyeshe mguu."

Alivua soksi, polepole, akitazama ukutani. Chini ya kidole gumba nati ilikuwa imepiga muhuri wake, pembe zake zote zikihesabika, na katikati ya muhuri ngozi ilikuwa imefunguka na kuwa nyeusi. Mkewe aliuangalia mguu ule muda mrefu. Walishaambiwa kliniki, siku za nyuma, kwamba damu ya mumewe ina sukari nyingi. Alipewa vidonge, akavimeza mpaka alipojisikia vizuri, akaviacha. Wateja wa namna hiyo aliwajua sana na alikuwa akiwasema kila siku: breki zinapiga kelele, mtu anaongeza sauti ya redio.

"Mficha maradhi," mkewe alisema, na hakumalizia, kwa sababu mwisho wa methali ile hausemwi mbele ya chakula. "Kesho kliniki."

"Kesho nina gari la mwalimu. Keshokutwa."

"Na huko barabarani? Unasikia unachokanyaga?"

"Ni breki, mama wewe. Mguu una ngozi nene tu, ni mguu wa kazi. Breki nitazimaliza wiki hii."

Mkewe aliosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi. Keshokutwa ikaja na gari la daktari wa mifugo, na baada yake likaja la mtu mwingine.

Kisha ikanyesha. Si mvua kubwa, ni yale manyunyu yanayoamsha oili barabarani. Alikuwa peke yake, akirudi bandani. Mbele yake mtu mmoja alikuwa akivuka na mkokoteni wa madumu ya maji, akisukuma kwa kifua, akilitazama gari lake kwa sababu ameshauona mwanya wa kupita mbele yake. Mzee Kanyaga alimwona vizuri. Alimwona mapema, toka kwenye duka la magodoro. Akakanyaga. Bibi Mkubwa hakuitika. Akakanyaga zaidi, akaona kifua cha yule mtu kikiacha mkokoteni, akaona dumu likipaa, na hapo ndipo gari lilipoganda, bampa likiwa limeegemea gurudumu la mkokoteni kama shavu juu ya mto.

Hakuumia mtu. Maji yalimwagika juu ya maji. Mwenye mkokoteni aliinuka, akajikagua magoti, akaja dirishani. Hakutukana, na ingekuwa nafuu kama angetukana.

"Mzee, ulikuwa unaniangalia."

"Breki," alisema Mzee Kanyaga. "Breki zimenikatalia."

Yule mtu akarudi hatua, akausoma mlango wa gari, herufi kwa herufi. Akamwangalia tena. Kisha akaenda kuokota madumu yake.

Usiku ule usingizi ulimkataa Mzee Kanyaga. Hakuwaza mguu. Mtu aliyetumia maisha yake akitafuta makosa ya chuma, akipewa kosa atalitafuta kwenye chuma. Aliwaza uzito wa gari, mteremko, utelezi, na alipoishiwa na vyote hivyo akajikuta anawaza matundu. Labda aliwahukumu vijana upesi. Labda Bibi Mkubwa amezeeka kiasi kwamba sasa anahitaji kung'atwa kwa meno makali zaidi. Mawazo hayo mchana angeyachekea. Usiku yalikuja yamevaa nguo safi, akayakaribisha.

Muuza spea wa mtaa huo alikuwa mwanamke mmoja mrefu anayeitwa Orijino, kwa kuwa hakuna kitu dukani kwake, hata ufagio wa kufagilia, ambacho hakukiita orijino.

"Diski zenye matundu?" aliuliza, akaegemea kaunta. "Wewe? Subiri nikae."

"Ni za mteja."

"Mteja gani umeshindwa kumfukuza?"

"Mkaidi."

"Ana gari gani mteja wako?" Alipotajiwa, alinyanyua nyusi. "Kama Bibi Mkubwa."

"Ndiyo. Kama yeye."

Orijino alimtazama kidogo, akaacha. Muuzaji mzuri anajua wapi utani unaanza kugusa mfupa. Alimfungia diski kwenye karatasi la kahawia. "Hizi ni orijino," alisema, lakini kwa upole.

Mzee Kanyaga alizifunga kwenye gari siku ambayo banda lilikuwa tupu, mlango wa mabati ameuvuta nusu, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Zilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Zilimeremeta, na mwanga ulipenya kwenye matundu yake na kudondoka sakafuni vitone vitone. Ile iliyopasuka ilimtazama kutoka ukutani. Akaigeuza uso.

Akatoka kujaribu. Aliendesha taratibu, akiuangalia mguu wake, akiutuma kwa macho mpaka juu ya pedali, na kwenye mfuniko wa mtaro Bibi Mkubwa akasimama papo hapo. Akarudia. Akasimama tena. Alikaa pale mbele ya sinema iliyofungwa, injini ikiunguruma, na macho yakamlowa. Kwa hiyo ilikuwa diski. Alikuwa amewadanganya watu miaka yote, na kosa hilo lilimwia jepesi kama manyoya ukilinganisha na lile jingine asilotaka kulitaja. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kazi imekwisha, akala, akasifu mchuzi.

Kesho yake aliendesha kama watu wanavyoendesha, macho barabarani. Kwenye makutano ya kinu cha unga Bibi Mkubwa akachelewa.

Alifika bandani rangi imemtoka, akainua gari na kutoa gurudumu moja la mbele. Betri alikuwa ndani ya gari la mtu, miguu nje.

"Betri, njoo unisaidie kutoa upepo."

"Kwa Bibi Mkubwa? Ulitoa juzi."

"Umeingia tena. Lala chini wewe, mimi nikae juu."

"Mimi nilale chini? Tumbo hili?"

"Nataka kuisikia pedali kwa mguu wangu mwenyewe."

Betri alilalamika kwa mungu wa umeme, akatandika boksi, akajilaza. Gurudumu lilikuwa limeshatolewa, na diski mpya ikaonekana.

"Aah," alisema kutoka chini. "Aah. Leo nimeyaona ya kuona. Tunakunywa chai saa ngapi?"

"Fanya kazi."

"Nafanya. Haya, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Betri akafungua kiskrubu. Mpira mwembamba wa kupokelea mafuta ulikaa mkavu.

"Mzee, kanyaga basi."

"Nimekanyaga. Wewe umefungua?"

"Nimefungua. Au umelala huko juu? Kitanda chako kiko nyumbani."

"Fungua vizuri, mtu wa nyaya wewe. Hiyo haitakupiga shoti."

"Nifungue vipi tena, niipigie hodi? Kanyaga."

Mzee Kanyaga alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Goti lilimtetemeka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Na alichokisikia, kwenye goti na kwenye paja, kilikuwa ugumu mtupu, kama kusukuma ukuta. Kiskrubu kiko wazi na pedali haishuki. Fundi yeyote anajua maana yake. Furaha ikampanda kifuani, furaha ya kweli, ya mtu aliyekuta mlango baada ya kupapasa ukuta gizani.

"Nimeipata," aliita. "Betri, nimeipata. Bomba limeziba. Njoo uone, pedali ngumu kama jiwe. Bomba, bwana. Siku zote hizi ni bomba."

Betri alijiviringisha, akainuka kwa kuguna, akaja kwenye mlango wa dereva uliokuwa wazi. Akainama kutazama pedali.

Mguu wa Mzee Kanyaga haukuwa juu ya pedali. Ulikuwa pembeni yake, umeshindiliwa kwenye sakafu ya gari, buti limejikunja kwa nguvu ya kusukuma, na goti bado linatetemeka.

Betri, aliyekuwa na utani hata msibani, aliweka spana chini.

"Umeona?" Mzee Kanyaga alisema, uso wake ukiwa bado unang'aa. "Jiwe."

"Mzee," Betri alisema. "Angalia chini."

Aliangalia. Kidevu kilimgusa kifuani, kama anayesoma maandishi madogo. Betri aliingiza mkono, akalishika lile buti kwa kisigino, akalinyanyua taratibu kama unavyonyanyua mkono wa mtoto aliyelala, akaliweka juu ya pedali na kulisukuma. Pedali ikashuka bila kinyongo. Upande wa gurudumu mafuta yakaruka kwenye mpira, safi, bila povu hata moja.

"Imekubali," Mzee Kanyaga alisema, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyejua alikuwa anamwambia nani.

Jioni Betri ndiye aliyemrudisha nyumbani. Kwenye makutano ya kinu cha unga aligusa breki kidogo tu, na wote wawili wakatupwa mbele.

"Hizi breki zinauma kama mbwa mwenye njaa," Betri alisema. Kisha akatamani kulimeza neno lake, akawasha redio, akaizima.

Mkewe alikuwa mlangoni akichambua nyuzi. Alimwona mumewe akishuka kwenye mlango wa abiria. Aliingia ndani kutafuta kadi ya kliniki.

Kliniki walikuta benchi refu na watu wanaotazama miguu yao. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye haraka isiyo na ukali. Alimlaza kwenye kitanda cha mpira, akafungua kidonda, akakisafisha, akaandika. Kisha akachukua kijiti chenye uzi mgumu mwishoni, uzi wa plastiki mfano wa ule wa kuvulia samaki.

"Baba, funga macho. Nitakugusa mguuni na huu uzi. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Alifunga macho. Mkewe, aliyeishi na nyuzi maisha yake yote, alisimama pembeni akautazama ule uzi. Aliuona ukigusa kidole gumba na kupinda. Ukagusa chini ya kidole kidogo, ukapinda. Ukagusa katikati ya unyayo, pale paliposoma magari ya mtaa mzima, ukapinda. Ukagusa kisigino. Chumba kilikuwa kimya. Mumewe alikuwa amekunja uso kwa umakini, kama mwanafunzi mzuri anayesubiri swali.

"Mnaanza lini?" aliuliza, macho yamefungwa.

Muuguzi alimtazama mkewe kabla ya kujibu.

"Tumeshamaliza, baba."

Kidonda kingepona, aliwaambia, kikitunzwa, na mguu ungebaki. Usikivu wake haurudi. Vidonge kila siku, viatu vikaguliwe kila jioni, na gari asiguse. Aliyasema bila kupunguza wala kuongeza, na Mzee Kanyaga aliitikia kila jambo kwa kichwa. La mwisho ndilo aliloliuliza.

"Hata kwa kujaribu tu? Mteremko mfupi?"

"Baba, kwenye huo mteremko kuna watu?"

Aliomba buti lake, na mkewe akalikung'uta kwanza kabla ya kumpa.

Diski zenye matundu zilitolewa, Bibi Mkubwa akarudishiwa zake za zamani, akasukumwa nyuma ya banda kwenye ukuta, ambapo Betri humwasha mara moja moja ili asife. Zile mpya zilitundikwa kando ya ile iliyopasuka. Vijana bado wanakuja, bado wanauliza, naye huwajibu akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele. Darasa ni lilelile isipokuwa mwisho. Yale maneno ya mguu wa dereva ameyaacha, na Betri, akifika hapo, huinamia nyaya zake.

"Na hizi mbili mbona nzima, Mzee?" kijana mmoja aliuliza.

"Hizo hazina kosa."

"Basi si nzuri?"

"Nzuri. Hazikuwa na kazi ya kufanya, ndiyo maana ziko ukutani."

Mikono yake bado inafungua na kufunga. Anasikia nati ikikaza, anasikia pedi ikikaa mahali pake. Kujaribu ndiko kulikohamia kwa Betri. Siku gari la mwalimu liliporudi, Betri aliliteremsha mpaka kwenye mfuniko wa mtaro, akarudi, akazima injini. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, na binti yake mdogo ameshaingia kiti cha nyuma.

"Vipi?" Mzee Kanyaga aliuliza.

"Imekubali."

"Inatetemeka mwanzoni au mwishoni?"

"Haitetemeki."

"Hata kidogo? Kama paka?"

"Mzee, mimi mguu wangu ni wa kawaida. Nimekanyaga, limesimama."

Alimwangalia Betri usoni, muda mrefu, akitafuta kitu pale. Ndivyo watu walivyokuwa wakimtazama yeye na ufunguo mkononi mwake, na hakuwahi kufikiri walikuwa wanatafuta nini. Kisha akampa mwalimu ufunguo.

"Anasema imekubali," alisema.

Mwalimu alingoja kidogo, kana kwamba kuna neno limebaki. Halafu akaingia kwenye gari na kuwasha, na Mzee Kanyaga alisimama mlangoni akiisikiliza breki mpaka kona ya kinu cha unga, ilipopotea katika kelele za nyingine.